Jina Lililo Ukingoni: Namna ya Kumtafuta Askari wa Nishani

Nishani isiende kwa sonara. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo kosa lisilorekebishika. Ukoo wa mtu aliyekuwa polisi enzi za Mwingereza hufungua sanduku la bati baada ya arobaini, hukuta kisahani cheusi chenye kichwa cha mfalme, na kabla jua halijatua kijana mmoja ameshakipaka majivu na limau, au amekipeleka kwa fundi jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma king'arishwe. Kinarudi kinameta. Herufi zilizokuwa ukingoni zimelika nusu, na habari zote zilikuwa kwenye herufi hizo. Fedha huwa nyeusi kwa kukaa tu, na weusi huo hauidhuru. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Akitokea mnunuzi anayetaka kuipima kwa gramu, mwambie akapime sufuria.

Sasa igeuze ubavu. Waingereza walikuwa na desturi ya kuandika jina la aliyepewa nishani kwenye ukingo wake mwembamba, si usoni, ndiyo maana watoto na wajukuu hukaa nayo miaka hamsini wasijue kwamba babu ameandikwa humo. Toka nje asubuhi au jioni, jua likiwa chini, uiache ipigwe na mwanga wa pembeni. Herufi zilizofifia zitatoa kivuli. Kamera ya simu inatosha. Usiku laza tochi kando yake. Zikikataa kabisa, zungushia ukingo karatasi nyembamba na uisugue taratibu kwa ubapa wa risasi ya penseli. Piga picha duara zima, vipande vikipandana, kisha nakili kila herufi ilivyo, hata pale unapoona kabisa kuwa karani alikosea. Usisahihishe. Kama Mohamedi wenu ameandikwa kwa tahajia ya ajabu, utakayemkuta kwenye makaratasi ya serikali huenda ni huyo huyo wa ajabu.

Kwa askari wa kawaida utatarajia vitu vinne: namba, cheo kilichofupishwa, jina, na jeshi lenyewe, ama Tanganyika, Kenya, Uganda au Zanzibar. Wengi huruka namba wakakimbilia jina. Fanya kinyume. Akina Juma bin Ramadhani walikuwa wengi katika kila kikosi kuanzia Lindi hadi Bukoba, na sajini aliyekuwa akiandika daftari hakuwa na muda wa kuuliza babu yake Ramadhani alikuwa nani. Namba ndiyo iliyowatenganisha siku ya mshahara. Tena namba ina majirani. Walioandikishwa pamoja kwa kawaida walipewa namba zinazofuatana, kwa hiyo ukipata tarehe ya kuandikishwa kwa mtu mwenye namba iliyo karibu na yenu, umeshasogea karibu na tarehe ya babu.

Cheo kitazame kwa tahadhari. Ni kile alichokuwa nacho nishani ilipoandikwa, na huenda alipanda baadaye. Familia ikisema sajini meja na ukingo ukisema koplo, bado hakuna aliyedanganya.

Ukingo ukiwa mtupu kabisa, kuna mambo mawili ya kufikiria kabla ya kukata tamaa. Huenda ni nakala, maana nakala hutengenezwa na huuzwa hata leo. Au jina lilikwanguliwa na mtu aliyetaka kuuza. Pima upana wake kwa rula ya fundi: nishani hizi ni duara la milimita 36 hivi, na iliyokwanguliwa hupungua kidogo au huwa na ukingo usio sawa ukiuzungusha mbele ya mwanga. Utepe usikushughulishe. Tepe zilioza, zikabadilishwa, na wakati mwingine ziliazimwa kutoka nishani nyingine ili mzee apendeze siku ya sherehe.

Baada ya ukingo, soma upande usio na kichwa. Hapo ndipo utajua babu alipewa nini hasa, maana nishani za polisi wa makoloni hazikuwa aina moja. Ya utumishi wa muda mrefu ilianzishwa mwaka 1934. Ina kirungu cha polisi juu ya shada la majani, na maneno COLONIAL POLICE FORCES pamoja na FOR LONG SERVICE AND GOOD CONDUCT. Sharti lake lilikuwa miaka 18 ya kazi isiyo na doa, na kipande cha chuma kiliongezwa juu ya utepe kwa aliyefikisha miaka 25, kingine kwa 30. Mwaka 1938 ikaja nyingine, yenye kirungu na shada vilevile, ila maneno yake ni FOR MERITORIOUS SERVICE kwa utumishi uliotukuka, au FOR GALLANTRY kwa ushujaa. Kabla ya hapo, tangu 1915, kulikuwa na nishani maalumu kwa askari polisi Waafrika wa makoloni ya Afrika Mashariki na Magharibi, na hiyo ilikoma ilipoanzishwa ile ya 1938. Tofauti hizi si za kupambia makala. Zinaamua utafute wapi, kama tutakavyoona.

Zinaamua pia jambo ambalo familia nyingi hazina uhakika nalo. Ukisikia "babu alikuwa askari", hujaambiwa mengi. Huenda alikuwa askari wa King's African Rifles, askari jela, askari wa reli, askari wa wanyamapori, au tarishi wa boma aliyevaa kaki na kuogopwa kama wengine. Kila mmoja kati ya hao ana njia yake ya makaratasi. Magereza, kwa mfano, yalipata nishani yao ya utumishi wa muda mrefu mwaka 1955. Maneno yaliyo nyuma ya kisahani yakisema POLICE, basi ni polisi, hata kama shangazi anaapa kwamba babu alipigana Burma. Inawezekana yote mawili ni kweli: waliorudi kutoka vitani na kuingia polisi walikuwepo, na kama ana nishani za vita pia, zitatafutwa kivyake.

Kisha kichwa cha mfalme. Huu ndio utamu wa kazi, na hauhitaji nauli. George wa Tano alifariki Januari 1936. George wa Sita alitawala kuanzia Desemba mwaka huo hadi Februari 1952, akafuatiwa na Elizabeth. Soma maandishi ya Kilatini yanayozunguka kichwa. Nishani za mwanzo za George wa Sita zina maneno INDIAE IMP, yaani alikuwa bado mtawala mkuu wa India. India ikapata uhuru 1947, cheo hicho kikafutwa 1948, na nishani zilizotengenezwa baadaye hazinacho. Za Elizabeth nazo zina awamu mbili: za mwanzo zina BRITT OMN katika maandishi yake, zilizofuata zimeyaacha.

Chukua sasa ile miaka 18 uifanyie hesabu. Nishani ya utumishi wa muda mrefu yenye kichwa cha Elizabeth, na jeshi la Tanganyika ukingoni, imetolewa kati ya 1953 hivi na Uhuru wa Desemba 1961. Toa 18. Aliandikishwa si baada ya 1943, na huenda katikati ya miaka ya 1930. Yenye INDIAE IMP inakurudisha nyuma zaidi: aliingia kazini si baada ya 1930 hivi, wakati Jeshi la Polisi la Tanganyika, lililoundwa rasmi 1919 na kuwa na makao yake Lushoto, lilikuwa ndiyo kwanza linahamishia makao makuu Dar es Salaam. Na ukikuta ya George wa Tano, simama. Miaka 18 kabla ya 1936 ni kabla ya jeshi lenyewe kuundwa. Mtu huyo huenda alianza kazi ya upolisi wakati wa vita, chini ya utawala wa kijeshi ulioshika nchi kutoka kwa Mjerumani, au alianza katika koloni jingine. Umepata swali ambalo familia isingelifikiria kamwe, na kwangu hilo lina thamani kuliko jibu la haraka.

Baada ya hapo funika nishani kitambaani na uzuie hamu ya intaneti. Makaratasi yamesubiri miaka sabini, yatasubiri mwezi mwingine. Mzee wa miaka tisini hasubiri.

Majengo ni pazuri pa kuanzia, kwa sababu ni katikati ya mji na watu wa kazi za serikali, biashara na reli walipanga huku, wakajenga, wakabaki. Usishangae ukikuta kwamba mwenye nishani hakuwa Mgogo bali Mnyamwezi, Myao au Mmanyema aliyeletwa na uhamisho, akaoa hapa, akazikwa hapa. Ndugu zake wa damu watakuwa Tabora au Songea, na huko nako kuna mtu anayejiuliza yule mjomba aliyechukuliwa kazi ya bunduki alipotelea wapi.

Nenda kwa mzee kama mjukuu, usiende kama mwandishi wa habari. Shikamoo yako itangulie, sukari ikae mkekani, na swali la kwanza lisiwe "alipewa nishani mwaka gani?" Hakuna ajuaye, na mtu mzima akiulizwa asichokijua mbele ya wajukuu ama hunyamaza ama hutunga. Muulize bibi watoto walizaliwa wapi. Mmoja mmoja, kwa mpangilio wao.

"Huyu baba yako mkubwa kazaliwa Singida. Mwenziwe Kondoa. Wale wawili waliofuatana, Mpwapwa. Mwisho huyu shangazi yako, hapa Dodoma, mwaka wa Uhuru."

Umepata jedwali la uhamisho la askari wa Jimbo la Kati, karibu kamili, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuona jalada. Singida, Kondoa, Manyoni, Mpwapwa na Dodoma zote zilikuwa chini ya jimbo hilo, na askari walizungushwa humo. Tarehe utazipata kwa kupachika kila kituo kwenye jambo ambalo kila mtu analikumbuka: njaa ya Mtunya iliyoangamiza Ugogo baada ya Vita vya Kwanza, vita vya Hitla, karanga za Kongwa zilizoanza kulimwa 1947 na kuishia kwenye hasara, kutawazwa kwa Malkia 1953, Uhuru. Mwulize: hiyo safari ya Mpwapwa ilikuwa kabla ya Wazungu wa karanga au baada?

Wake wa askari, kwa uzoefu wangu, hukumbuka kuliko askari wenyewe. Wanajua nani alikuwa jirani kota, nani alishushwa cheo kwa pombe, na bwana mkubwa wa kituo alikuwa nani. Hilo la mwisho liandike kwa makini, hata kama jina limetamkwa kwa namna ambayo Mwingereza mwenyewe asingelitambua. Konstebo Mwafrika hakuandikwa kwenye orodha za watumishi zilizochapwa na serikali. Ofisa Mzungu aliandikwa, pamoja na cheo chake. Ukimpata inspekta au msimamizi aliyekuwa Dodoma, unaweza kufuata nyendo zake mwaka kwa mwaka, na kivuli cha babu kiko nyuma yake.

Rekodi sauti kwa ruhusa. Omba pia kuona kila kilichomo sandukuni, si nishani tu: kiboksi cha karatasi chenye jina, cheti cha kuacha kazi, barua ya kiinua mgongo, kitabu cha posta, na picha. Picha igeuze nyuma kwanza, maana mihuri ya studio na tarehe za penseli hukaa huko. Mbele, tazama vifungo na kofia. Kichwa cha twiga ndicho kilichokuwa nembo ya Tanganyika, kwa hiyo kikionekana unajua babu hakuwa polisi wa Kenya. Taji lililo juu ya nembo nalo husema: la wafalme lina mabega ya mviringo kama kuba, la enzi ya Malkia limebonyea katikati. Na kama kuna picha ya gwaride, mtafute gavana. Edward Twining, aliyetawala Tanganyika 1949 hadi 1958, alikuwa mtu wa umbo kubwa aliyependa sherehe, mavazi na mapambo kiasi kwamba baada ya kustaafu alichapisha kitabu kinene juu ya mataji na vito vya wafalme wa Ulaya. Ni vigumu kumkosea.

Tatizo kubwa la kazi hii yote ni majina, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu bila hila yoyote. Alizaliwa na jina la Kigogo. Akabatizwa misheni ya Mvumi au Bihawana akapata la Kikristo, au akasilimu mjini akapata la Kiislamu. Alipofika kuandikishwa, karani akaandika alilolisikia, kwa tahajia ya kwao. Kijijini hakuna anayemjua Sajini Almasi. Jeshini hakuna aliyewahi kumsikia yule anayeitwa kwa jina la ukoo. Kwa hiyo kabla ya kugusa jalada lolote, kaa chini uandike majina yote yanayowezekana. Badilisha r na l. Ondoa irabu ya mwisho: Rajabu awe Rajab, Saidi awe Said. Jaribu o badala ya u. Jina la Kigogo linaloanza na Chi- huenda karani wa Kiswahili aliligeuza Ki-. Badilisha mpangilio pia, maana jina la baba liliweza kuchukuliwa kuwa la ukoo, na neno bin likaachwa au likageuzwa kuwa s/o. Mji huu wenyewe, wasemavyo wazee wa Kigogo, ulikuwa Idodomya kabla makarani hawajaufikia. Mtu mmoja angeponaje?

Daftari la ubatizo la parokia, au kumbukumbu za ndoa kwa waliofungishwa msikitini, ndipo majina hayo hukutana kwenye mstari mmoja. Padri au imamu usimwendee na maelezo marefu. Mpe mwaka unaoukadiria na kijiji, mwombe atazame akipata nafasi, kisha rudi baada ya wiki mbili na salamu, bila lawama.

Sasa makaratasi, na sasa ile tofauti ya aina za nishani inalipa. Ikiwa ni ya FOR MERITORIOUS SERVICE au ya ushujaa, jina lilichapishwa London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, na matoleo yake yote yamo mtandaoni bila malipo. Orodha za utumishi uliotukuka zilitoka mara mbili kwa mwaka: Januari mosi, na mwezi Juni kwenye sikukuu rasmi ya kuzaliwa kwa mfalme au malkia. Usitegemee kisanduku cha kutafutia. Kurasa hizo zilisomwa na mashine, na mashine ikikutana na jina kama Mwinyimkuu huandika inavyotaka. Badala yake fungua toleo la Januari na la Juni la kila mwaka uliobaki kwenye hesabu yako, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya nishani za polisi wa makoloni, uisome yote kwa macho ukitafuta neno Tanganyika mwishoni mwa mstari. Orodha yenyewe ni fupi. Miaka kumi utaimaliza kwa jioni moja na kikombe cha chai. Za ushujaa hazikusubiri misimu hiyo, kwa hiyo hapo itabidi uvumilie utafutaji mpana zaidi.

Ikiwa ni ya utumishi wa muda mrefu, London haitakusaidia. Hizo zilitangazwa katika Gazeti la Serikali la koloni husika. La Kenya limewekwa mtandaoni kwa wingi na ni rahisi kulisoma, jambo linalofaa kama ukingo wa nishani yenu unasema Kenya, na si ajabu nishani ya Kenya ikakutwa Dodoma. Kwa Tanganyika, jaribu kwanza tovuti ya gazettes.africa, inayokusanya magazeti ya serikali ya nchi nyingi za bara hili bila malipo. Miaka utakayoikosa itakupeleka Dar es Salaam.

Dar es Salaam fika Upanga, Idara ya Nyaraka za Taifa. Hapa Dodoma kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, na wakazi wengi hudhani kila kitu kimehamia huko pamoja na serikali. Kituo hicho kimsingi kiliwekwa kwa ajili ya majalada ya wizara yaliyotoka matumizini, na makaratasi ya kikoloni unayoyataka kwa kawaida utaambiwa yako Upanga. Uliza kwa simu au barua kabla ya kupanda treni. Ukifika, beba kitambulisho, penseli, na karatasi moja yenye muhtasari: namba, majina yote, vituo, miaka. Usimwambie mhudumu "natafuta habari za babu." Hakuna jalada lenye jina hilo. Omba katalogi ya majalada ya Jimbo la Kati na ya wilaya, pamoja na ya sekretarieti, kisha angalia vichwa vinavyohusu polisi, nishani, gwaride la kuzaliwa kwa mfalme, na taarifa za mwaka za Kamishna wa Polisi. Majalada ya kesi usiyadharau. Konstebo asiyetajwa popote hutajwa mahakamani, maana ndiye aliyekamata, ndiye aliyeshuhudia, na maneno yake yameandikwa. Kumsikia babu akieleza usiku wa wizi wa ng'ombe kwa hakimu wa Kizungu ni jambo ambalo hakuna nishani itakayokupa.

Ukiwa huko huko, panda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyiko wa East Africana wa maktaba yake. Uliza Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la serikali lililoanza 1923, na Tanganyika Standard la kuanzia 1930. Mambo Leo lilipokea habari ndogo ndogo kutoka mikoani, na sherehe ya boma yenye gavana na bendi ni aina ya habari iliyoingia humo kwa urahisi. Ukiwa na mwaka kutoka kwenye hesabu ya kichwa cha mfalme, tazama matoleo ya Juni, Julai na Agosti, yaani baada ya sikukuu.

Kuhusu ng'ambo nitapita haraka. Majalada ya Wizara ya Makoloni juu ya Tanganyika yako Kew, London, katika mfululizo wa CO 691, lakini humo utakuta sera kuliko majina ya makonstebo. Maktaba ya Bodleian kule Oxford ina makaratasi na kumbukumbu za maofisa waliotumikia makoloni. Jina la bwana mkubwa wa kituo ulilopewa na bibi linaweza kufungua mlango hapo, kwa barua pepe tu. Nyumba ya mnada ya Noonans huweka mtandaoni picha na maelezo ya nishani ilizowahi kuuza. Tafuta humo Tanganyika Police ili uone ukingo wa nishani nyingine ulivyoandikwa, uulinganishe na wenu. Ukianza kuvutiwa na bei, funga simu ukalale.

Jeshi la Polisi nalo liandikie, barua rasmi kwa ofisi ya Inspekta Jenerali, nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ukiambatanisha picha za ukingo na cheti chochote ulicho nacho. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Usiombe "historia yote ya marehemu." Omba vitu vitatu: tarehe ya kuandikishwa kwa mwenye namba hiyo, vituo, na tarehe ya kuacha kazi. Swali dogo lina nafasi ya kujibiwa.

Kuna jambo ambalo ni heri familia ilijue kabla jalada halijafunguliwa. Nishani hizi zilitolewa na mtawala kwa mtu aliyemtumikia vizuri mtawala. Katika Jimbo la Kati, kumtumikia vizuri kulikuwa pamoja na kusindikiza makusanyo ya kodi katika miaka ya ukame, na kusimama mbele ya wagomaji mwaka 1947, mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipopanda na reli ya kati hadi huku. Baada ya TANU kuundwa Julai 1954, kuna askari kanzu walioketi mikutanoni wakiandika nani kasema nini. Kuna pia askari waliorudisha watoto waliopotea na kulinda maghala ya chakula wakati wa njaa, na wengi walifanya yote hayo wakiwa watu wale wale. Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu ya aya moja ya jalada. Kubaliana nao mapema nani atasoma kwanza na kama yote yataandikwa. Maoni yangu ni kwamba yaandikwe yote. Babu aliyekuwa na miaka 18 bila doa machoni mwa Kamishna bado ana haki ya kutazamwa na wajukuu kwa macho yao wenyewe.

Mwisho wa kazi andika karatasi moja yenye safu tatu: ukingo unasema nini, makaratasi yanasema nini, wazee wanasema nini. Usichanganye. Zikipingana, ziache zipingane, kila moja na jina la aliyesema na tarehe. Nishani yenyewe ifungwe kwenye kitambaa cha pamba na ikae mahali pakavu; usiifunge kwa mpira, maana mpira huiunguza fedha ikawa nyeusi vibaya, wala usiiache kwenye mfuko wa plastiki unaotoa jasho. Picha za ukingo ziwe kwenye simu za watu wawili wasiokaa nyumba moja. Na karatasi hiyo unapompa nakala padri, imamu, au mhudumu wa nyaraka aliyekusaidia, andika chini yake namba ya askari kwa tarakimu kubwa pamoja na simu ya mtu mmoja wa ukoo: huenda kuna mjukuu Tabora au Kondoa mwenye nishani ya namba inayofuata, anayetafuta tarehe ile ile.